Askari Asiyeruhusiwa Kumuua Mfalme

Kwa miaka mingi nimekana kwamba tasnifu yangu ya uzamivu ilichelewa mwaka mzima kwa sababu ya mchezo. Nimewalaumu watunza nyaraka. Nimemlaumu msimamizi wangu, mtu asiye na hatia yoyote isipokuwa kupenda likizo. Katika sherehe moja nililaumu hata malaria, ugonjwa ambao Johannesburg haina, na daktari mmoja aliyekuwa mezani akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Ukweli ni kwamba mwaka ule, nilipotakiwa kuwa maktaba, nilikuwa mtaa wa Yeoville, nyuma ya duka la picha za pasipoti, nimekalia kreti ya soda iliyopinduliwa, nasukuma vibao vya mbao vyenye maandishi ya Kijapani ambayo mpaka leo siwezi kuyatamka. Nilikuwa bado sijafika thelathini. Sijawahi tena kufikiri kwa bidii namna ile, si kwa ajili ya chuo, si kwa ajili ya mume.

Nayaandika haya sasa kwa sababu Papa Bahati, mwenye duka lile, amefariki. Ibada ilifanyika mjini, katika kanisa lililo ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi za bima, na mchungaji alimsifu marehemu kama mume mwema, baba, mpiga picha na mtoaji mwaminifu wa zaka. Kuhusu shogi, ule mchezo wa Kijapani, hakusema neno. Nestor, Mrundi ambaye ulimi wake haujazeeka pamoja naye, alinigusa kwa kiwiko. "Mtoaji wa zaka!" akaninong'oneza. "Miaka yote ile ananichinja kwa askari wake. Sadaka nilikuwa mimi." Nikacheka mbele ya jeneza, na mama mmoja wa kwaya akanikazia macho. Binti yake Nestor, aliyezaliwa huku na anayeelewa Kiswahili bila kukisema, aliuliza kwa Kiingereza ni askari gani. Hatukumjibu. Haikuwa habari ya kunong'onezana kanisani.

Duka lilikuwa karibu na soko, limebanwa kati ya saluni na fundi wa nguo. Mbele kulikuwa na shuka jeupe la kupigia picha, mashine ya fotokopi iliyokohoa kama mvutaji sigara, na vibanda viwili vya mbao vya kupigia simu za nje. Milango ya vibanda haikufunga vizuri, kwa hiyo sisi tuliokaa nyuma tulijua nani ameoa Uvira, nani amezikwa Bujumbura, na nani anamdanganya mama yake kwamba amepata kazi benki. Chumba cha nyuma kilikuwa jiko, stoo na ukumbi wa mchezo kwa pamoja. Mama Furaha, mkewe Papa Bahati, alipikia hapo kwenye jiko la umeme: sombe ya majani ya muhogo, ndagala, dagaa wa kwao, na bugali wa unga mweupe wa huku, ambao alikuwa akiulalamikia kila siku kwamba hauna nguvu. Aliniita Daktari muda mrefu kabla chuo hakijafikia uamuzi huo. "Kula, Daktari," alikuwa akisema, akiweka sahani juu ya karatasi zangu. "Ule mufalme hatakimbia."

Papa Bahati alikuwa dereva wa mradi wa maji huko Bukavu, kabla ya vita. Bosi wake, mhandisi aliyeitwa Morita, ndiye aliyemfundisha shogi, ubao ukiwa juu ya boneti ya gari wakati wakisubiri mafundi wa pampu; naye Papa Bahati akamfundisha Morita Kiswahili. Vita vilipokuja, wageni waliondolewa kwa ndege asubuhi moja. Papa Bahati aliondoka kwa miguu, na vile vibao vikiwa ndani ya soksi. Hakupata tena habari za Morita na hakuzitafuta, ingawa kila siku alikaa hatua chache kutoka kwenye vibanda vya simu. Lakini jina la Morita lilikuwa ndiyo shahada yake. "Mimi nilifundishwa na Mujapani mwenyewe," aliwaambia wateja, mchungaji, na siku moja polisi waliokuja kuuliza vibali. Nusu ya Yeoville ilimwamini. Nusu nyingine ilisema alijifunza gerezani. Katika mji ambao kila mtu alikuwa zamani mwalimu au afisa na sasa anauza mikanda, yeye alikuwa na kitu ambacho hakikupungua thamani mpakani.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mambo mawili yanatosha. Kwanza, kete ikifika ndani ya kambi ya adui unaweza kuipindua, na ikipinduliwa inapanda cheo na kupata nguvu zaidi. Pili, kete unayoiteka haiondoki mchezoni. Inakuwa yako. Unaiweka kando, mkononi kama wanavyosema, na zamu yako ikifika unaweza kuishusha popote penye nafasi, ikapigana na wale waliokuwa wenzake jana. "Huu mchezo umetungwa kwetu," Nestor alikuwa akisema. Alikuwa akiuza mikanda na makava ya simu karibu na stendi ya teksi mjini, na alipanda kuja Yeoville kila alipofunga biashara. "Leo uko upande huu, kesho wamekuvika gwanda la upande ule. Wajapani wamejulia wapi habari zetu?"

Papa Bahati alikuwa na namna yake ya kumaliza mchezo. Alikuwa akimbana mfalme wa mwenzake mpaka akose pa kwenda, kisha anachukua askari, kete ndogo kuliko zote, kutoka mkononi, na kumgonga mezani mbele ya mfalme. Paf! "Bonjour, chef," alikuwa akisema, shikamoo mkubwa kwa Kifaransa. Ndio ulikuwa mwisho. Nestor alikufa kifo hicho mara nyingi hata akaanza kujilaza mwenyewe chini akisikia ile paf. Mimi nilikufa hivyo nikasema, kwa sauti ya chuo kikuu, kwamba kuna uzuri wa pekee katika mtu mdogo kabisa kumwangusha mkubwa kabisa. Nilikuwa nikisema mambo ya namna hiyo. Watu walinivumilia.

Mwaka ule, huko Japani, kulikuwa na pambano la ubingwa kati ya kijana aliyekuwa akishikilia taji na mtu wa makamo aliyewahi kulikosa mara kadhaa. Hatukuwa na namna ya kulitazama. Nilikuwa nikichukua hatua za kila mchezo kwenye kompyuta za chuo, nazichapisha kwa karatasi za idara, na kuzipeleka Yeoville tukazirudie hatua moja moja ubaoni. Maelezo ya pembeni yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo hatukuwa na mchambuzi ila sisi wenyewe. Sote watatu tulikuwa upande wa yule mtu wa makamo. Mchezo wa mwisho, ule wa kuamua, niliuleta Jumamosi moja baada ya mvua. Mpaka leo naukumbuka kuliko harusi yangu. Mshindani, yule wetu wa makamo, alishambulia tangu mapema. Gari lake, ile kete kubwa inayokwenda mbele na pembeni bila kikomo, lilipenya mpaka kambi ya bingwa, akalipindua likapanda cheo. Mfalme wa bingwa alikuwa pembeni, amebanwa, hana mahali. Na mshindani alikuwa na askari mkononi.

"Sasa njo mwisho," Papa Bahati akasema, akijifuta mikono. "Soma, binti yangu. Alimushusha wapi?"

Nikasoma. Hakumshusha. Alisogeza kete nyingine, pembeni kabisa, hatua isiyo na maana yoyote, bingwa akajinasua, na baada ya hatua chache mshindani akainamisha kichwa na kukubali kushindwa.

"Soma tena," Papa Bahati akasema.

Nilisoma tena. Nestor alisimama. "Eish, lakini huyu ana askari! Hapo! Mkononi! Hata mimi namwona, mimi ambaye sioni kitu!"

"Labda waliandika vibaya," nikasema.

"Haiko vibaya." Papa Bahati alichukua askari, akamgonga mahali pake. Paf. Hakusema bonjour. Mfalme hakuwa na pa kwenda. Tulijaribu kila upande mpaka sombe ikapoa na Mama Furaha akaifunika kwa sahani nyingine. Hakukuwa na njia. Mtu wa makamo alikuwa na taji mkononi, akaliacha. Papa Bahati aliuangalia ule ubao kama mtu anayeangalia picha ya ndugu yake. "Aliogopa," alisema mwishowe, kwa upole. "Alifika mbele ya mufalme, akaogopa. Mi najua hiyo kintu."

Ingeishia hapo kama si mama mmoja wa Kijapani aliyekuja kupiga picha ya viza wiki hiyo hiyo, akauona ubao kupitia mlango wa nyuma, akakaribia kuangusha mkoba wake. Wajapani waishio mjini walikuwa wakiandaa siku ya utamaduni katika ukumbi mmoja mtaa wa Kensington, na ndani ya robo saa Papa Bahati alikuwa amealikwa kuzungumza. Angeweka ubao mkubwa ukutani na kuuchambua mchezo ule wa mwisho, mbele ya Wajapani wenyewe, wazee kwa watoto. Fundi wa jirani akamshonea suti. Wakongo wa mtaa mzima wakajua. Mchungaji akatangaza kanisani. Wale waliosema gerezani walianza kumwita Professeur.

Hotuba niliandika mimi. Yeye alitoa mawazo, mimi nikayavika nguo, na nguo zenyewe zilikuwa za maonyesho. Nilieleza kwamba mshindani hakushindwa na bingwa, alishindwa na heshima yake mwenyewe. Kwamba mkono wake ulikataa kumtumia mtu wa tabaka la chini kumwangusha mfalme. Kwamba huu ndio utumwa wa ndani unaobaki baada ya minyororo yote kukatwa. Niliyatafsiri yote kwa Kiingereza, nikayasoma kwa sauti chumba cha nyuma, na Nestor akapiga makofi akasema haelewi hata sentensi moja, kwa hiyo lazima ni nzuri sana.

Siku chache kabla ya hafla nilitaka kuchapisha mchoro mzuri wa ile hali ya mwisho. Nikapata programu ya shogi, nikaipakia kwenye kompyuta ya maabara, nikapanga kete zote. Nikachukua askari kutoka mkononi mwa mshindani, nikamshusha mbele ya mfalme. Akarudi mkononi. Nikamshusha tena. Akarudi tena. Nilidhani kipanya kimeharibika. Nikamshusha mahali pengine popote: akakaa. Mbele ya mfalme: akarudi, kimya kimya, kama mtumishi anayejua mlango asiotakiwa kuupita. Nikafungua sehemu ya maelezo, na humo, kati ya sheria nyingine, palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza. Ni marufuku kumaliza mchezo kwa kumshusha askari kutoka mkononi. Mfalme asiye na pa kwenda anaweza kuuawa na kete yoyote nyingine inayoshushwa. Askari, hapana. Anayefanya hivyo amepoteza mchezo.

Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga. Nilimfikiria mshindani katika dakika yake ya mwisho, askari kando yake, akijua kila kitu. Hakuogopa. Hakuwa na ruhusa. Kisha nikaifikiria hotuba yangu, ule utumwa wa ndani na ile minyororo, ikisomwa kwa wazee wa Kijapani waliojua sheria hiyo tangu utotoni. Na hapo tu, kwa sababu mimi huwa wa mwisho kufikiria jambo kubwa, nikamfikiria Papa Bahati. Miaka yote ya bonjour, chef. Ama aliibuni sheria yake mwenyewe, ama mtu aliyemfundisha alimfundisha mchezo wenye tundu.

Nilimwambia kesho yake, dukani, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwambia nyuma ambako tungekuwa peke yetu. Alikuwa akimpiga picha kijana mmoja wa Lubumbashi. "Usicheke," alimwambia. "Serikali haipendi meno." Nilisubiri kijana alipe aondoke, kisha nikasema yote kwa pumzi moja, kama anayetapika.

Alizima taa ya picha kwanza. "Hiyo komputa ilitengenezwa na nani?"

"Sijui, Papa."

"Mi najua nani alinifundisha."

"Nimeangalia mahali pengine pia. Kote wanasema hivyo."

"Kote wapi? Internet?" Alilitamka kama jina la mtu mwizi. Nestor, aliyekuwa amefika kwa nyuma yangu na kusikia mwisho tu, aliuliza kuna nini, nikamweleza. Kisha uso wake ukafunguka. "Ngoja. Ngoja kwanza. Kwa hiyo mara zote alizoniua na yule askari, alikuwa ameshindwa yeye? Muzee! Basi mimi ndiye bingwa wa Yeoville!"

Papa Bahati alikuwa akikunja lile shuka jeupe, pembe kwa pembe, polepole mno. "Tulicheza na ule mutu kila siku," alisema. Hakuwa akisema nasi. "Kila siku, miaka. Namumaliza na askari, ananiangalia, anainama. Hasemi kintu." Akaliweka shuka juu ya mashine. "Dereva, unamupa nusu. Nusu inamutosha. Nani anamufundisha dereva mchezo muzima?"

"Papa, labda alisahau."

"Mujapani anasahau sheria ya shogi?" Aliniangalia, na ningetoa tasnifu nzima nisiangaliwe hivyo. "Alipanda ndege, sikusema neno. Vita ni vita. Lakini hii..." Kisha akasimama wima, akasema kwamba Jumamosi atasoma hotuba kama ilivyoandikwa, bila kubadilisha herufi, kwa sababu mchezo aliofundishwa ndio anaoujua, na asiyeutaka akamuulize aliyemfundisha.

Leo ninapofundisha wanafunzi wangu kuandika insha, huwa nawaambia kwamba hoja mbaya haiwi nzuri kwa kupigiwa kelele. Sisemi nilijifunzia wapi. Siku zile mbili zilizofuata nilijaribu kila njia. Niliandika hotuba nyingine, hakuifungua. Nilipendekeza azungumzie mchezo mwingine. Akaniuliza kama namwonea aibu. Nilimweleza kwamba watamcheka, akasema Wajapani hawacheki mbele za watu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nilijua ni kweli. Wangeinama. Ukumbi mzima ungeinama kwa adabu, kama Morita, na yeye angejua maana yake.

Mama Furaha alinikuta jikoni nikichambua majani ya muhogo vibaya. Alinipokonya. "Daktari, sikia," akasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa mbele kulikuwa na mtu kibandani akimlilia dada yake wa Goma. "Mimi sijui askari, sijui mufalme. Najua mume wangu. Tulipofika hapa alibeba mizigo sokoni, alifukuzwa, aliitwa majina. Jioni anapanga byake bibao anasema, kuko mutu mukubwa aliniona kuwa na akili. Njo hiyo ilimuamusha asubuhi. Sasa halali. Ananiuliza, mimi nilikuwa rafiki ao nilikuwa kichekesho?" Aliyatupa majani kwenye sufuria. "Mutafute ule Mujapani. Awe hai awe mufu, mutafute."

Yule mama wa Kijapani wa hafla ndiye aliyesaidia. Nilimpigia, sikumweleza sababu, nilisema tu kwamba Papa Bahati angependa kumsalimu mwalimu wake wa zamani kabla ya kuzungumza. Aliguswa sana. Aliulizia katika kampuni ya zamani ya mhandisi yule, nao wakauliza familia, na usiku wa kuamkia hafla nikapata namba. Morita alikuwa hai, mzee sana, anaishi na binti yake.

Asubuhi Papa Bahati alikuwa ameshavaa suti. Ilimkaa vizuri kiasi cha kuniuma moyo. Ubao mkubwa ulikuwa umefungwa kwa shuka, tayari kupakiwa, na Nestor alikuwa mlangoni akiangalia barabara kwa sababu rafiki yake mwenye gari alikuwa njiani kuja kutupeleka Kensington. Nilimpa Papa Bahati karatasi yenye namba. Aliisoma, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi, akaiwekea kalamu juu yake isipeperuke.

"Sina cha kumuuliza."

"Unacho," Mama Furaha akasema.

"Akisema alinidanganya, nitaenda kusema nini mbele ya bale batu?"

"Na usipomuuliza utaenda kusema nini?"

Mkewe akaichukua karatasi, akaingia kibanda cha kwanza na kuanza kubonyeza namba. Hakuwahi kupiga simu ya Japani maishani mwake. Alibonyeza kama anayekanda unga. Alipomaliza alinyoosha mkono nje ya kibanda, kifaa cha kusikilizia kikiwa mwisho wa waya, na sote tukasikia kinalia kule mbali. Kililia muda mrefu. Papa Bahati alisogea hatua moja, akasimama, akasogea tena. Sauti ya mwanamke ikaitika. Mama Furaha alisema, "Morita! Bahati! Bukavu!" kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, kisha akambandika mumewe kifaa sikioni.

Kikohozi kikasikika kule. Kibanda kile kilikuwa na spika ambayo wateja waliitumia familia ikija pamoja, na Nestor, Mungu ambariki, aliinama akaibonyeza.

"Bahati?" Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, inayotafuta maneno moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Bahati uko hai?"

"Niko hai, Muzee."

"Wapi?"

"Johannesburg."

"Mbali."

"Ndiyo. Mbali."

Kwetu sote, Mkenya kama mimi, Mrundi au Mkongo, hapo ndipo zinapoanza salamu: mke, watoto, afya, mvua. Papa Bahati hakuuliza hata moja. Paji lake la uso lilikuwa limeloa. "Muzee, niko na swali. Mufalme hana njia. Mi niko na askari ku mukono. Naweza kumushusha, mufalme akufe?"

Yule mzee alilirudia swali polepole, kwa kunong'ona. "Hapana," akasema. "Hairuhusiwi. Ukifanya hivyo, wewe umeshindwa."

Papa Bahati alifumba macho. Nestor alitazama sakafu. Nje, honi ililia mara mbili. Gari lilikuwa limefika, na hakuna aliyekwenda.

"Basi juu ya nini hukunifundisha?" Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Nilikufundisha."

"Hapana, Muzee."

"Nilikufundisha, Bahati. Siku ya kwanza. Pale pampu, juu ya gari. Nilisema, askari wa mkononi hawezi kuua mfalme. Wewe ulicheka. Ulicheka sana, mafundi wakaja kuangalia. Ukasema, mfalme wa wapi huyo? Ukasema, hapa kwetu wakubwa wote wanauawa na askari wao. Ukasema hiyo sheria ni ya uongo, tuitoe." Alipumua. "Nikafikiri. Nikaona hapa ni kwako, mimi mgeni. Nikaitoa."

"Mimi nilisema vile?"

"Ulisema. Baadaye ukaniua hivyo kila siku. Bonjour, chef. Nilikuwa nakasirika sana. Usiku nilikuwa silali."

Mama Furaha aligeukia ukuta, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoisikia sauti. Papa Bahati alikuwa ameshika mlango wa kibanda kwa mkono wa pili. "Kumbe ni mimi," alisema. Akasema tena, akiligeuzageuza lile neno, "Kumbe ni mimi." Kisha bega moja likashuka, halafu la pili, kama mtu aliyeondolewa gunia. "Muzee, ule mutu wa juzi, wa ubingwa. Ulimuona?"

"Niliona. Mchezo wote, siku zote mbili. Binti yangu alikataa kupika."

"Alipotelea wapi? Kama si pale kwa askari, alipotelea wapi?"

"Unao ubao?"

Papa Bahati alinigeukia, akapiga vidole. Nikafungua shuka, nikaulaza ule ubao mkubwa chini kwenye saruji, na Nestor akapiga magoti kunisaidia kupanga kete. Honi ililia tena.

"Rudi nyuma," mzee akasema. "Wakati gari linaingia kambi. Yeye alilipandisha cheo. Kila mtu analipandisha. Wewe usilipandishe."

"Gari, nisilipindue? Linakuwa na nguvu kidogo!"

"Ndiyo. Kidogo. Tazama mfalme."

Papa Bahati alichuchumaa na suti yake mpya, waya wa simu umenyooka mpaka mwisho, akaliingiza lile gari bila kulipindua. Akamtazama mfalme. Nami nikamtazama. Pembeni mwake sasa kulikuwa na nafasi moja wazi, moja tu, ambayo gari lenye cheo, linaloweza pia kwenda mshazari hatua moja, lingeifunga. Mfalme angeweza kupumua. Na kwa kuwa angeweza kupumua, askari hakuwa anamuua; alikuwa anambishia hodi tu, na kubisha hodi hakukatazwi.

"Sasa ukishusha askari," mzee akaanza, "mfalme anakwenda pale, halafu wewe..."

"Usiseme!" Papa Bahati alinyanyua kiganja, kama vile yule mtu alikuwa mbele yake, ng'ambo ya boneti. "Usiniambie, Muzee. Acha nione mimi mwenyewe."

Upande wa pili yule mzee akanyamaza, akasubiri.